Sikio Lililobaki na Wageni

Siku ile tulikuwa watu tisa, na nitawataja wote, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia. Upande wetu nilikuwa mimi, dada mkubwa wa nyumba. Alikuwapo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyeshuka kutoka Fizi-Centre na koti lake zito ingawa mji wetu wa Baraka ulikuwa unawaka jua. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Fizi. Alikuwapo jirani yangu, mama wa kanisa letu, aliyesimamia vyungu. Na alikuwapo mdogo wangu wa mwisho, binti mwenyewe wa kuolewa, ambaye kwa desturi siku kama ile hahesabiwi, lakini mimi ninamhesabu. Upande wa wageni, waliotoka Lulimba, walikuwa wanne: baba wa kijana, msemaji wao, shangazi wa kijana, na kijana mwenyewe, aliyekuwa ameamriwa asifungue mdomo isipokuwa kwa kula.

Walikuja kuzungumza mahari ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa natafuta jambo moja tu katika mazungumzo yale. Mdogo wangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja katika shule ya uuguzi kule Nundu, na nilitaka aumalize kabla hajapanda gari la kwenda kwa mume. Mbuzi wangekuwa watano au hamsini, hilo halikuninyima usingizi. Mwaka ule mmoja ndio ulioninyima.

Nieleze kwanza kwa nini. Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Mwaka uliotangulia niliugua homa kali, nikachomwa sindano nyingi, na nilipopona nikaona midomo ya watu inacheza lakini sauti zao zinatoka mbali, kama mtu anayesema akiwa ng'ambo ya mto. Mwalimu akiandika ubaoni nilimfuata. Akigeuka kuandika huku anasema, nilimpoteza. Kisha mama akafa, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Wadogo zangu walikuwa wawili, na wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sikulia kwa ajili ya shule. Nilisema tu moyoni kwamba hawa wawili watasoma mpaka mwisho wa kusoma, popote mwisho huo ulipo. Nikajifunza kushona kwa mama mmoja wa soko la Baraka, na cherehani ndiyo iliyotulea wote watatu.

Kwa miaka mingi wateja wangu walinipigia kelele. Mwanamke akija kupima libaya, blauzi yetu ya kitenge, mstari mzima wa washonaji ulijua kiuno chake ni kipana kiasi gani. Wengine walikuwa wanakaa kando yangu na kusengenya kana kwamba mimi ni ukuta. Sikusikia maneno, lakini nilikuwa nasoma nyuso zao, na nyuso zilinitosha.

Halafu wadogo zangu wawili walifanya siri. Mwalimu alisikia habari za daktari wa masikio huko Bukavu, wakajibana, wakanipandisha gari bila kuniambia tunaenda kufanya nini. Nilirudi na vitu viwili vidogo, kila kimoja ukubwa wa punje ya maharage, vinakaa nyuma ya masikio, na uzi mwembamba unaingia ndani. Vinaongea na simu yangu bila waya. Nikipigiwa, mtu anasema ndani ya kichwa changu. Nikitaka kupunguza kelele za soko, natelezesha kidole kwenye kioo cha simu. Na moto ukikaribia kuisha, mwanamke mmoja ananiambia masikioni, kwa Kifaransa kizuri cha ofisini, kwamba betri imedhoofika.

"Huyo mwanamke anakaa wapi?" jirani yangu aliniuliza siku nilipomsimulia.

"Hapa, ndani ya kichwa."

"Na analipa kodi?"

Wiki za kwanza mtaa mzima uliniona nimerukwa na akili. Nilikuwa nashona huku nasema, "Ndiyo, mikono iwe mirefu, usiogope," na hakuna mtu mbele yangu wala simu mkononi. Mteja mmoja alisimama mlangoni akaangalia cherehani, akaniangalia mimi, akaondoka polepole na kikwembe chake cha kushonewa. Alirudi kesho yake na mchungaji.

Waliokuwa wakisengenya kando yangu walinyamaza ghafla. Wiki nzima walikaa kama watu wa msibani. Nilihuzunika, kwa maana nilikuwa nimengoja miaka ishirini na tano kusikia yale maneno. Basi siku moja mmoja wao, nyuma ya mgongo wangu, akasema kuhusu gauni lake, kwa sauti ya chini kabisa, "Ile robe ya kijani ya juzi ameiharibu." Nami bila kugeuka nikasema, "Iliharibiwa na bugali unaokula." Walicheka mpaka mmoja akaangusha mkasi. Tangu siku ile wananisengenya uso kwa uso, na mimi nawajibu.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho lazima nikieleze, maana ndicho kilicholeta mambo. Mtu akiwa mbali, au anasema kwa sauti ndogo, ninaweza kuiweka simu mbele yake na kubonyeza mahali fulani. Hapo simu ndiyo inakuwa sikio. Inachukua sauti ya yule mtu na kuniletea moja kwa moja, na sauti za waliokaa karibu nami zinafifia. Kanisani huwa naiweka mimbarani. Mchungaji akikohoa, anakohoa ndani yangu.

Basi siku ile ya wageni, baada ya salamu na maombi, msemaji wao akaanza kusema. Alikuwa mzee mpole, sauti yake inafia kwenye ndevu. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, karibu na mlango, mahali pa wanawake. Nikaomba ruhusa kuweka simu yangu juu ya meza ndogo iliyo mbele yake.

"Unanirekodi, mama?" akauliza.

"Hapana, baba. Inanisaidia kusikia."

"Ah, basi iweke. Mi nilifikiri ni ya kunipeleka kwa tribunali."

Watu wakacheka, simu ikakaa kati ya chupa za sukure, soda za wageni, na kila kitu kikaenda vizuri. Alisema wameona ua katika nyumba yetu. Baba mdogo akajibu kwamba ua lile limemwagiliwa maji kwa taabu. Wakataja mbuzi sita. Baba mdogo akafuta jasho, akasema amesikia, na sasa tunaomba ruhusa kwenda kwa shauri.

Kwetu kwenda kwa shauri kuna sheria yake. Wenye nyumba ndio wanaotoka, wageni wanabaki ndani na vinywaji, ili nao wapate kusema yao kwa uhuru. Hakuna mtu wa nyumba anayeruhusiwa kubaki. Hata mtoto mchanga aliyelala anabebwa nje. Hata binti mwenyewe anaondolewa chumba cha ndani. Mdogo wangu alikuwa amepelekwa jikoni kwa jirani tangu asubuhi. Ukikuta mtu wa wenye nyumba amejificha nyuma ya pazia, hilo ni kosa kubwa, na linatozwa faini, ambayo sisi tunaiita amande.

Tukatoka, baba mdogo, mwalimu na mimi, tukasimama nyuma ya nyumba karibu na mihogo iliyoanikwa. Simu nikaisahau mezani. Nasema nilisahau, na ni kweli. Lakini kusahau kulichukua nusu dakika tu. Yaliyofuata hayakuwa kusahau.

Baba mdogo alifungua mdomo, na katika mdomo wake ikatoka sauti ya mwanamke:

"Hivi viatu vitaniua. Nani alisema tuvae vya kanisa?"

Nikamkodolea macho. Alikuwa amekunja uso, amenyoosha vidole viwili kumwonyesha mwalimu, midomo inakwenda kwa nguvu. Na sauti ikaendelea:

"Vua kidogo, dada. Bametoka bote. Hapa tuko siye tu." Huyo alikuwa msemaji.

"Harufu ya sombe munasikia? Hapa banajua kupika." Shangazi tena.

Nilijua mara moja kinachotokea. Mkono wangu ulipanda mpaka nyuma ya sikio, ambako kuna kidude cha kubonyeza kuzima ile sauti. Ukakaa hapohapo. Kwa sababu baba wa kijana alikuwa ameanza kusema.

"Tumetaja sita. Bakikaza, tuende mpaka kumi. Kumi, usipite."

"Na masomo?" shangazi akauliza. "Mutoto amebakisha mwaka moja. Mi sitaki muganga nusu. Kule kwetu bamama banazalishwa na mutu yeyote mwenye nguvu ya mikono. Tumupate muganga muzima."

"We dada," msemaji akasema, "nikiomba mwaka moja hapa, batasema nini? Batasema hatuna mbuzi, tunatafuta siku."

"Ni kweli batasema," baba wa kijana akasema.

"Ni aibu."

Kisha sauti moja mpya, nyembamba, ya kijana:

"Mi naweza kungoja."

"Nani amekuuliza?" wakamjibu wote watatu pamoja.

Mbele yangu baba mdogo alikuwa ananitazama akingoja kitu. Nikatikisa kichwa kukubali, ili aniache nisikilize. Akafurahi, akampiga mwalimu begani. Na ndani ya masikio yangu shangazi akasema:

"Kama ingekuwa mi, ningemuuliza ule yaya yao, dada yao mukubwa, peke yake, ule iko na vitu kwa masikio. Muliona mikono yake? Ile mikono imelea batoto. Ule anaweza kutuelewa."

"Lakini iko nasikia kweli?" msemaji akauliza.

"Nusu nusu," akasema baba wa kijana.

Hapo ndipo nilipobonyeza. Sijui kama ni kwa aibu au kwa sababu nilitaka kucheka. Sauti za uani zikarudi, kuku, jirani anayegonga mwiko kwenye chungu, na baba mdogo anayesema, "Basi tumekubaliana wote watatu. Habari ya masomo hatuitaji. Tukiitaja, watasema tunamficha binti, na mbuzi watapungua. Atasoma akifika huko, Mungu akipenda. Na wewe mkubwa umeitika."

Nilikuwa nimeitika. Kwa kichwa changu mwenyewe nilikuwa nimekubali kuutupa ule mwaka mmoja.

"Sijaitika," nikasema.

"Umetikisa kichwa. Mwalimu, hakutikisa?"

"Alitikisa," mwalimu akasema, naye akanitazama kwa mshangao, maana ananijua.

Ningeweza kuwaambia nilichosikia. Baba mdogo angeshangilia. Lakini nilimjua: swali lake la pili lingekuwa hesabu ya mbuzi, na ningeingia ndani nikiwa mwizi pamoja naye. Ningeweza pia kunyamaza na kutaja masomo kana kwamba nimeota. Wangekubali, tungekula, na mpaka leo ningekuwa nakwepa macho ya yule shangazi kila tunapokutana. Alikuwa amenisifu bila kujua kwamba ninasikia. Sikuweza kula sifa ya namna ile na kuiba juu yake.

"Tukiingia, nitasema mimi," nikawaambia.

"Katika mahari mwanamke hasemi," baba mdogo akajibu.

"Baba mdogo, wewe unasema mahari. Mimi nitasema kosa langu."

Hakuelewa, lakini koti lilikuwa linamchoma na chakula kilikuwa tayari. Tukaingia. Shangazi alikuwa anarudisha kiatu mguuni kwa haraka. Nilikwenda moja kwa moja mezani, nikaichukua simu, kioo kikawaka. Yule kijana akakiona. Yeye ni mtu wa simu. Alinitazama, akaitazama simu, akatazama masikio yangu, na macho yake yakawa makubwa kama sahani. Bado hakufungua mdomo, alikuwa ameamriwa.

Nikapiga magoti mbele ya msemaji.

"Baba, hiki kitu nilikiacha hapa kikiwa kinafanya kazi. Tulipokuwa nje, sauti zenu zilinifikia. Mwanzo nilisahau. Baadaye nilijua, na sikuzima haraka. Naomba musamaha."

Baba mdogo alikaa chini taratibu.

"Umesikia kutoka wapi mpaka wapi?" msemaji akauliza.

"Kutoka viatu mpaka nusu nusu."

Shangazi akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutetemeka, kisha tumbo, kisha kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu wa milimani, na kiatu alichokuwa amekivaa nusu kikamruka mguuni. Baba wa kijana, mwenye "nusu nusu" yake, aliinamisha kichwa, na nilipotazama vizuri nikaona naye anacheka kwenye kifua chake.

"Na hesabu tuliyotaja?" msemaji akasema, yeye bado hajacheka.

"Nimeisikia. Baba mdogo wangu haijui, na kwangu hataipata."

"Ni ngapi?" baba mdogo akauliza papo hapo.

Hapo hata msemaji alishindwa. Jirani yangu alikuja kutoka uani na mwiko kuuliza nani ameanguka.

Walipotulia, nikasema jambo langu, nikiwa bado nimepiga magoti. Nikasema kwamba nimewasikia wakiona aibu kuomba mwaka mmoja, na sisi tulikuwa uani tunaona aibu hiyohiyo. Nikasema kwamba niliacha shule darasa la tano, na kwamba ombi langu kwao ni lile lililokuwa tayari mdomoni mwao. Sauti ilinitoka sawasawa mpaka nilipofika kwenye neno "amalize". Pale ilikatika, na shangazi ndiye aliyelimalizia.

"Amalize," akasema. "Mwaka moja ni kitu gani? Ule kijana alisema atangoja. Si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi iko na shahidi."

Kijana aliangalia sakafu. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

Mbuzi waliafikiwa saba. Si sita, si kumi. Baba mdogo na msemaji walivutana hapo kwa furaha, na mimi niliangalia ukuta muda wote ili uso wangu usimwambie mtu lolote. Kisha msemaji akasema kabla ya kunawa mikono kuna jambo moja limebaki.

"Sheria ya shauri inajulikana. Mutu wa nyumba akibaki na bageni, ni amande."

"Hakubaki mutu," baba mdogo akapinga. "Ilibaki simu. Simu si mutu."

"Simu si mutu. Lakini sikio ni ya nani?"

"Sikio alikuwa nalo uani. Mi nilikuwa namuona."

"Ulikuwa unaona masikio yake. Kusikia kwake kulikuwa huku kwetu, kati ya chupa."

Walibishana hivyo mpaka sombe ikapoa kidogo. Mwisho walimgeukia mwalimu, kwa sababu amesoma. Mdogo wangu alifikiri, akanitazama kama anaomba radhi, akasema kwamba kwa maoni yake, kama sauti ilimfikia aliyekuwa nje, basi aliyekuwa nje alikuwa ndani. Huyo ndiye niliyemsomesha kwa cherehani. Wageni wakampigia makofi.

Amande ikakatwa: mbuzi mmoja jike, mzima, asiye kilema, asipunguzwe katika wale saba. Nilipouliza nimkabidhi kwa nani, shangazi akasema hapokewi hapa Baraka.

"Utamuleta mwenyewe mpaka Lulimba. Ulitusikiliza bila kukaribishwa. Sasa utakuja tukukaribishe, ukae katikati yetu, na tutakusengenya uko unasikia yote."

Tukala. Mdogo wangu aliitwa kutoka kwa jirani, akaingia ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na mimi nikamnong'oneza kwamba mwaka wake uko salama. Hakuinua uso, lakini alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma.

Sasa yuko Nundu katika mwaka huo. Ananipigia jioni kunisomea majina ya mifupa, yananiingia masikioni moja kwa moja huku naosha vyombo, na mengi nimeyashika. Kijana anangoja kama alivyosema.

Na shangazi naye ananipigia. Hachagui saa. Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani, nimesimama, mikono juu, mara sauti yake ikanijaa kichwani, "Yaya, mbuzi yangu iko namna gani?" Nikamjibu kabla sijajizuia, "Iko nakula vizuri." Waliokuwa mbele yangu walifungua macho.

Mbuzi nilimpata mapema kwa mfugaji mmoja, nikamfunga nyuma ya nyumba nikingoja barabara ya Lulimba ikauke. Mvua zikakawia kuisha. Barabara ilipokauka, nguo za sikukuu zikanishika. Katikati ya hayo mbuzi akazaa mapacha. Baba mdogo amepiga simu kutoka Fizi kusema kwamba amande ilikuwa mbuzi mmoja, kwa hiyo watoto ni wetu. Shangazi anasema mbuzi wake alizaa akiwa kwangu kwa uvivu wangu, na kwamba ngozi na kilicho ndani ya ngozi ni vya mwenye mbuzi. Mwalimu safari hii amekataa kutoa hukumu.

Mimi nimeshaamua. Watakwenda wote watatu. Lakini wadogo bado wananyonya, hawawezi safari ya gari, na jana shangazi ameniambia tena kwamba kiti changu kimewekwa. Nimemwambia anivumilie kidogo. Bado nina deni lake.